UZI MAALUM: Spea za kunyofoa kwa friji, pangaboi, blenda na cherehani za zamani hapa Tanga. Tukutane hapa kabla nyundo haijafika

Mkonge Mkavu (mwenye uzi)

Wakuu wa Tanga, na mlioko mbali mnaoikumbuka Tanga, salaam. Hili jambo ninalo moyoni tangu Ramadhani iliyopita, leo nimeamua kuliandika lote, mnisamehe kwa urefu.

Bi mkubwa wangu ana dipfriza alilonunua mwaka 2004, tena likiwa used limetoka Unguja, na mpaka leo lipo pale Ngamiani linagandisha barafu za ukwaju na ubuyu na maji ya kuuza. Lile friza limetusomesha mie na wadogo zangu wawili. Sasa mwezi wa Shaabani, zimebaki kama siku kumi tufunge, likaanza vituko, linanguruma sekunde tatu nne halafu tak, kimya, baada ya dakika chache tena mmmm, tak. Kwa muuza barafu Ramadhani ndio mavuno yenyewe, ikikaribia magharibi watoto na vidumu vyao wamejaa barazani, kwa hiyo mama usiku ule hakulala. Fundi wa kwanza aliyekuja alitega sikio tu, hakufungua hata skrubu moja, akasema kompresa imekufa, mpya pamoja na gesi ni laki na themanini, la sivyo uzeni skrepa. Na kesho yake asubuhi jamaa wa mkokoteni alishafika mlangoni na mzani wake.

Nikamwambia ngoja kwanza. Nikamkimbilia mzee mmoja fundi wa siku nyingi jirani na kwetu, akaja na mita yake ya kupimia umeme, akalivuta friza, akachuchumaa nyuma. Ubavuni mwa kompresa kuna kiboksi cha plastiki, ndani yake kuna rilei (kidude cha kuiwasha kompresa) na ovalodi (kinga inayokata umeme kompresa ikizidiwa). Ukivichomoa unakutana na pini tatu zimekaa kama mafiga. Akapima mbili mbili: kwanza omu (kipimo cha ukinzani wa waya) 14, kisha 21, kisha 35. Akaniuliza, 14 na 21 ni ngapi? Nikasema 35. Akasema basi kompresa nzima hii, waya wake wa ndani haujakatika wala haujaungana. Akagusa kila pini na bodi ya kompresa, mita haikusoma kitu, maana yake hakuna shoti. Halafu akaichukua ile rilei akaitikisa karibu na sikio langu, ikalia kama punje za mchele ndani ya kiberiti. Ndani ya rilei za aina ile kuna kidonge cheusi, kazi yake kuisukuma kompresa ianze kuzunguka halafu kinajitoa, na kikipasuka ndio hiyo sauti. Yaani kilichokufa ni kidude kinachoenea kwenye kiganja, na friza zima lilikuwa linakwenda kupondwa.

Dukani nikapata mpya ya elfu 6, ikafanya kazi siku tisa ikaungua mpaka plastiki ikakunjika. Ndipo mzee akaniambia nenda yadi ya vyuma chakavu, tafuta kompresa yenye jina lile lile na nguvu zile zile, uchomoe rilei na ovalodi yake kwa pamoja usivitenganishe, kwa sababu ovalodi inapimwa kwa nguvu ya kompresa yake. Nikazunguka siku mbili. Nikaikuta chini ya rundo la mabati, friji la milango miwili limeshapasuliwa ubavu lakini kompresa bado ina kiboksi chake na vumbi lake. Elfu 3. Inafanya kazi mpaka ninavyoandika hapa.

Sasa kilichoniuma ni niliyoyaona pale yadi. Vijana wanapiga nyundo toka asubuhi. Kompresa nzima inapasuliwa ili itolewe kopa, yaani shaba, pengine nusu kilo, mota ya mashine ya kufulia hivyo hivyo, nyaya zinachomwa moto moshi mweusi unaingia kwenye nyumba za watu, na vile vilivyokuwa vinatafutwa na mtu wa mtaa wa pili, themostati, vitasa, raba, feni ndogo, taima, vinatupwa jaani kwa sababu havina uzito kwenye mzani. Siwalaumu vijana, nao wanatafuta riziki. Lakini nasema sisi wenye mashine zilizokufa ndio tunaanza kosa, tunauza zima kwa kilo bila kumuuliza mtu yeyote. Friji bovu moja linaweza kufufua mafriji matano.

Kwa hiyo naomba uzi huu uwe mahali pa kuulizana. Una kimeo ndani, taja hapa jina, namba na mtaa kabla hujauza. Unatafuta kitu, taja hapa. Mie naanza: natafuta bawaba za dipfriza, zile za nyuma zenye springi zinazoshikilia mfuniko usianguke. Za mama zimekwisha, anauegemezea mfuniko kwa ufito. Kila bawaba ina matundu manne ya skrubu, umbali wa tundu na tundu kwa upana ni sentimita 4 na nusu, kwa urefu 7. Jina silijali, najali matundu.

---

Boda Makorora

Mkuu umegusa penyewe. Mie nazunguka mji mzima na pikipiki, Makorora, Mabawa, Chuda, mpaka Pongwe huko, naiona mikokoteni kila siku. Hayo matundu nimeyaandika kwenye simu, nikikutana na dipfriza njiani nalisimamisha.

---

Shangazi Chuda

Hongera mwanangu, na bi mkubwa mpe salamu zangu. Nina mawili. Blenda yangu ya zamani mota inazunguka vizuri lakini jagi halizunguki, kile kigurudumu cha raba chenye meno kimeisha meno yote. Nimejaribu kukifungua kimegoma mpaka nimechubuka mkono. La pili cherehani yangu Singer nyeusi ya miguu, ya marehemu mama, kile kikombe kinachokaa bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) kimelegea kinaruka mishono. Fundi mmoja kanambia cherehani za siku zile hazina spea tena niiweke pambo. Siiweki pambo, naishonea.

---

Fundi Mstaafu

Shangazi, blenda usikifungue kwa nguvu, unakifungua upande ambao ndio unakikaza. Blenda nyingi kile kigurudumu kinafunguka kwa kuzungusha kulekule unakokwenda mshale wa saa, kinyume na skrubu za kawaida, kwa sababu mota ikizunguka inatakiwa ikikaze isikilegeze. Geuza blenda juu chini, fungua kifuniko cha chini, shika mhimili wa mota kwa bisibisi au koleo, halafu huku juu zungusha kama saa inavyokwenda. Ukishakitoa usiende nacho dukani kwa jina la blenda, nenda nacho mkononi, hesabu meno na upime tundu la skrubu. Blenda za majina tofauti kabisa zinachangia kigurudumu kimoja.

Cherehani yako aliyekwambia haina spea hakuiangalia. Ile ya chini kuna vifuniko viwili vya bati vya kusukuma, fungua uone bobini inakaaje. Ikiwa inaingilia ubavuni kushoto na kikombe chake kinatoka pamoja nayo, kuna uwezekano mkubwa ni familia ya Singer 15, na hizo wachina walizinakili wakatoa Butterfly na nyinginezo, kwa hiyo bobini na kikombe cha Butterfly vinaingia. Butterfly zilizokufa ziko nyingi kwenye vibaraza vya mafundi nguo, muulize yeyote. Kiwanda cha Singer kule Clydebank Scotland ndiko zilikotoka nyingi za huku kwetu, kilifungwa mwaka 1980, na mashine zake bado zinashona. Kabla hujanunua kikombe lakini, angalia kile kibati chembamba cha springi ubavuni kinachobana uzi, kuna kiskrubu kidogo sana, kaza robo mzunguko ujaribu. Mara nyingi ni hicho tu.

---

Shangazi Chuda

Blenda imefunguka!! Dakika mbili. Miezi minne nahangaika. Mungu akuzidishie fundi. Cherehani nikirudi sokoni Mgandini nitaitazama.

---

Pwani Tulivu

Mie nina swali la kweli sio la kubishana. Hizi mashine za zamani si zinakula umeme? Unaokoa rilei ya elfu 3 halafu umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, unakumaliza. Si bora kujibana ukanunua mpya?

---

Mkonge Mkavu

Swali zuri mkuu, na mie nilijiuliza, kwa hiyo nikapima badala ya kubuni. Nilizima kila kitu nyumbani nikaacha friza peke yake, nikaandika uniti za LUKU saa moja asubuhi, nikaziandika tena kesho yake saa moja asubuhi (usiku tulitumia tochi za simu, mama alilalamika lakini akavumilia). Lilikula uniti 2.6. Kwa tarifu ya kawaida uniti moja na makato yake yote inafika kama shilingi 356, elfu 10 unapata uniti 28. Kwa hiyo friza lilikuwa linakula shilingi 900 na kitu kwa siku.

Kisha nikafanya jaribio la noti. Unafunga mfuniko umebana noti ya elfu moja, unaivuta. Ikigoma goma raba nzima, ikitoka kama unaivuta hewani, baridi inatokea hapo. Upande mmoja wote ulikuwa unatoka. Raba ya friza, ukiacha kona mbili, haikuchanika, ilikuwa imelala tu kwa miaka. Nikaichomoa, nikailoweka kwenye beseni la maji ya moto ya kuoga mtu, nikaivuta vuta ikarudi umbo, nikaikausha nikairudisha, sehemu mbili za kona zilizokatika nikaunga kipande cha raba kutoka friji lililokufa la jirani. Nikapima tena siku nzima: uniti 1.9.

Sasa piga hesabu. Tuseme jipya la ukubwa ule linakula uniti moja kwa siku. Tofauti ni 0.9, kama shilingi 320 kwa siku, elfu 9 na mia 6 kwa mwezi. Jipya nililouliza bei ni laki nane na nusu. Miaka zaidi ya saba ndio hela irudi, na hapo sijahesabu kwamba nalo litataka rilei. Kwa mwenye hela anunue, simkatazi. Kwa mama yangu laki nane na nusu ni ukwaju na sukari na mifuko ya msimu mzima. Ila naungana nawe kwa jambo moja, ukipima ukakuta friji linakula uniti nne tano kwa siku na halizimi kabisa, hilo lina ugonjwa, usilifuge.

---

Fundi Mstaafu

Naongezea kwenye gesi maana huko ndiko watu wanakoharibu. Kabla hujanyofoa kompresa kwenye friji la skrepa ukaiweke kwenye la kwako, soma kile kibandiko cha nyuma. Friji za zamani kabisa zimeandikwa R12. Hiyo gesi ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni, dunia ikakubaliana kule Montreal mwaka 1987 iondolewe, na nchi kama zetu mwisho wake ulikuwa 2010. Leo akikwambia mtu anakujazia R12 mwangalie vizuri. Zilizofuata ni R134a, na za sasa nyingi ni R600a.

Shida ni mafuta ya ndani. Kompresa ya R12 inatumia mafuta ya madini, ya R134a inatumia mafuta mengine kabisa, na hayapatani. Ukichukua kompresa ya R134a ukaibandika kwenye mabomba yaliyolowa mafuta ya zamani bila kuyasafisha na bila kubadilisha draya (kichujio cha unyevu na uchafu), mchanganyiko unatengeneza uchafu unaziba lile bomba jembamba la kapilari, baada ya miezi miwili unarudi palepale unasema spea ya skrepa haifai. Spea haikuwa na kosa. Gesi kwa gesi, nguvu kwa nguvu, na draya mpya kila mara mfumo unapofunguliwa. Draya ndicho kitu pekee kwenye friji nasema kinunuliwe kipya siku zote, cha kunyofoa hakifai hata bure.

Na R600a, vijana wa yadi kama mnasoma hapa: hiyo ni gesi inayoshika moto, ndugu yake ni hii tunayopikia. Kompresa yake ina kibandiko cha pembetatu ya njano yenye mwali wa moto. Humo ndani ni gramu chache, hazifiki 150, lakini ukikata bomba kwa moto chumbani zinatosha kukuchoma uso. Kata kwa kisu cha bomba, nje, penye upepo. Mie nina alama mkononi kwa sababu ya haraka.

---

Mwana wa Lushoto

Naomba niseme kitu ambacho watu wa mjini hamkioni. Spea ya friji lililokaa Raskazone na lililokaa huku kwetu milimani sio kitu kimoja. Chumvi ya bahari inakula. Nimefungua feni mbili za jina moja, miaka sawa, moja ilikaa nyumba ya ufukweni, skrubu zote zimekuwa unga wa kutu na waya wa mota umeingia ukijani, nyingine ilikaa Korogwe ikafunguka kama mpya. Nikitafuta spea naanza huku mbali na bahari, Lushoto, Soni, Korogwe, Muheza, kwenye nyumba za watumishi wa zamani na kwenye mashamba ya mkonge. Vitu vimekaa stoo vimekauka. Natuma kwa basi vinafika stendi ya Kange siku hiyohiyo.

---

Kijana wa Duga

Wakuu mimi pangaboi. Ya chumbani inazunguka taratibu mpaka unahesabu panga, ukiisukuma kwa ufagio inachanganya kidogo. Mota imekufa?

---

Mkonge Mkavu

Karibu sana haijafa. Hiyo ni kapasita, kile kiboksi cheusi au cheupe juu kwenye kikombe cha kwenye bomba. Pangaboi nyingi ni 2.5 µF, imeandikwa ubavuni. Ikizeeka inashuka, inabaki moja na kitu, nguvu ya kuanza inakwisha. Weka ile ile namba. Usiweke kubwa eti izunguke kwa kasi, utachoma waya wa mota halafu hapo ndio utahitaji fundi wa kusuka. Za kunyofoa zipo lakini kapasita inachoka kwa umri, hata iliyo ndani ya feni isiyotumika, kwa hiyo usichukue bila kuipima, na kama unaweza nunua mpya ni hela ndogo. Zima umeme kwenye mein swichi usitegemee swichi ya ukutani peke yake, baadhi ya nyumba zetu swichi imekata waya usiokuwa na moto.

Vitu ambavyo mie napenda kunyofoa kwenye pangaboi ni bearing na mapanga. Bearing ina namba imechongwa ubavuni, mara nyingi 6201 au 6202, na namba hiyo ni ya dunia nzima, 6202 ya pangaboi la Uhindi ni 6202 ya kitu kingine chochote: tundu milimita 15, nje 35, unene 11. Kwa hiyo usipoipata kwa muuza feni ingia duka la spea za pikipiki utaje namba. Mapanga chukua matatu yote kutoka feni moja, yamepimwa uzito pamoja kiwandani, ukichanganya linatikisika usiku kucha na skrubu ya dari inalegea.

---

Kijana wa Duga

Nimebadilisha kapasita wakuu. Pazia linapepea. Asanteni.

---

Pwani Tulivu

Na je mali za wizi? Huko skrepa si ndio zinapopelekwa nyaya za umeme na mifuniko ya chemba. Mtu ananunua themostati kumbe imetoka kwenye friji la kuibiwa.

---

Mkonge Mkavu

Ndio maana sinunui kwa mtu aliyebeba begani usiku. Nanunua yadi yenye kibali, kazi hii ina vibali vyake vya NEMC (baraza la mazingira) na vya halmashauri, naomba kikaratasi hata cha kuandika kwa mkono, tarehe na kitu nilichonunua, na napiga picha mashine nzima kabla sijanyofoa. Kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kushuku ni kosa, unaweza kulala kituoni kwa rilei ya elfu 3. Na hii ndio faida ya kuulizana sisi kwa sisi hapa, friji la jirani unalijua toka siku lilipoingia kwa jirani.

Hapo hapo niseme kuhusu themostati, ile inayoliwasha na kulizima friji kwa kufuata baridi, maana ndiyo inayoharibika mikononi mwa watu wakati wa kunyofoa. Ule mkia mrefu mwembamba si waya, ni bomba lina gesi ndani. Ukiukunja kama unavyokunja waya, gesi inatoka, umebaki na kipande cha bati. Uvute taratibu, uuzungushe kwa duara kubwa kama la sahani. Kuipima ni rahisi, ikiwa joto la kawaida mita inalia, unaiweka nusu saa ndani ya friza la jirani linalogandisha vizuri, ukiitoa mara moja mita isilie, halafu unaufumbata mkia kwa kiganja na unasubiri. Ukisikia tak na mita ikalia, imepona. Ile sauti nikiisikia nafurahi kama mtoto.

---

Fundi Mstaafu

Mawili ya hatari halafu nawaachia uzi.

Maikrowevu msifungue. Ina kapasita inayobaki na umeme wa maelfu ya volti hata ukishachomoa plagi, inaua mtu. Ukitaka spea zake, sahani ya kioo, kile kipete cha magurudumu chini yake, hivyo havihitaji kufungua kitu. Mengine muachie aliyefundishwa. Na TV za chogo vivyo hivyo, na kioo chake kina risasi ndani, msikivunje kwenye uwanja wanaochezea watoto.

La pili ni kubwa kuliko la kwanza. Friji au dipfriza lililokufa likikaa uani, toa mlango, toa mfuniko, siku hiyo hiyo. Mtoto akiingia kujificha, mfuniko ukajifunga, hewa inakwisha na sauti haitoki nje. Usiweke jiwe, usifunge kamba, ng'oa kabisa. Na ukishaung'oa bawaba ziko mkononi mwako, mtangazie mwenzio hapa.

---

Mama Wawili Mikanjuni

Fundi asante kwa hilo la mwisho. Nimelisoma nikainuka. Tulikuwa na friji uani toka mwaka juzi, wanangu wanalichezea. Mume wangu ameng'oa mlango sasa hivi. Ni friji la mlango mmoja, R134a, kompresa inanguruma ila haligandishi, droo za mboga nzima zote mbili, taa na swichi yake nzima, themostati sijui. Anayehitaji aseme, sitaki hela ya droo.

---

Mwana wa Lushoto

Dada droo hizo nazihitaji kwa mama mkwe, nitakuja Jumamosi inshallah, nakuletea na viazi.

---

Boda Makorora

Mkonge Mkavu uko wapi?? Niko Makorora, nimesimamisha mkokoteni una dipfriza jeupe, limeshatolewa kompresa, mfuniko bado upo. Nimepima kwa futi ya fundi nguo hapa kibarazani. Upana 4 na nusu. Urefu 7. Matundu manne. Springi nikibonyeza inarudi. Kijana anataka elfu 8 kwa zote mbili, nimemwambia elfu 5, amekubali ila anasema hawezi kusubiri, jua kali. Nalipa mie kwanza?

---

Mkonge Mkavu

Lipa ndugu yangu nakuja. Mwombe na skrubu zake asizitupe, ni za uzi mpana za dukani hazishiki.

---

Boda Makorora

Skrubu nane ziko mfukoni. Kijana anaitaka namba yako, anasema kumbe vitu hivi vinanunuliwa, ana vingine viwili nyumbani.

---

Mkonge Mkavu

Wakuu nimefika nyumbani saa kumi na moja. Bawaba zilikuwa na kutu juu juu tu, nimezisugua kwa msasa, nimetia grisi kwenye springi, nimezifunga. Tundu moja la kulia limekataa kwa milimita moja hivi, nimelipanua kwa tupa. Mama alikuwa anafunga barafu za ubuyu, nikamwambia mama inua mfuniko. Akauinua, mkono wa pili ukatafuta ufito kama kawaida yake. Nikamwambia achia. Akaachia. Umesimama peke yake.

Ufito ameupeleka jikoni. Kijana wa mkokoteni nimempigia, anazo mashine mbili za kufulia, za mlango wa juu, moja ina mota nzima na mkanda, ya pili pampu. Kesho nakwenda kuzitazama na mita, nitaandika namba zake hapa kabla ya adhuhuri. Anayetafuta pampu aanze kuniambia sasa.